Mwongozo kamili: Jinsi ya kuhakikisha hakuna mtoto anayebaki ndani ya gari la shule

Karibu kila shule yenye gari ina kanuni hii: "Dereva akague gari kabla ya kulifunga." Imebandikwa ofisini, imo kwenye mkataba wa dereva, na bado watoto husahaulika. Tatizo ni kwamba kanuni hiyo inamwambia mtu akumbuke, basi. Haisemi akague vipi, nani athibitishe, wala nini kifanyike dereva akiwa mgeni, mgonjwa au amechelewa.

Mwongozo huu ni kwa wakuu wa shule, wenye magari, madereva, matroni na wazazi. Nimeupanga kwa kufuata mianya ambayo uchunguzi wa vifo vya kweli umeifichua, hasa kifo cha mtoto wa kike wa miaka 3 huko Makinohara, Japani, Septemba 2022. Pale kila kinga ilikuwepo: gari lilikuwa na msaidizi, mahudhurio yaliingizwa kwenye mfumo wa kompyuta, na darasani kulikuwa na mwalimu. Zote zilishindwa asubuhi moja, na mtoto alikaa garini yapata saa tano.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Orodha ya majina ya abiria kwa kila safari, imechapwa, yenye safu mbili: KAPANDA na KASHUKA. Kando ya kila jina, namba za simu za walezi wawili.
- Ubao wa klipu na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Kalamu ikipotea, orodha hujazwa baadaye kwa kukisia.
- Kibao chenye pande mbili: upande mmoja kiandikwe BADO, upande wa pili GARI TUPU. Ndoano yake ifungwe kwenye kioo cha nyuma kabisa.
- Tochi ndogo, ikae garini.
- Simu ya shule yenye salio, ibaki ofisini na mtu asiyesafiri na gari.
- Nyundo au spana ya magurudumu, na dumu la maji la lita 20 karibu na maegesho.
- Kama fedha zipo, kengele ya nyuma: gari likizimwa inaanza kuhesabu, na isipobonyezwa kutoka mwisho wa gari inapiga king'ora. Korea Kusini iliifanya lazima kwa magari ya chekechea baada ya mtoto wa miaka 4 kufa Dongducheon, Julai 2018. Japani nayo imeagiza vifaa vya namna hiyo tangu Aprili 2023.

Usisubiri kengele ndipo uanze. Kibao cha mbao kinafanya kazi ileile endapo utakiweka mahali sahihi.

## Muda ulio nao ni mdogo kuliko unavyodhani

Wengi hudhani hatari hii ni ya Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, na kwamba Arusha, Mbeya au Limuru mtoto atavumilia. Vipimo vilivyofanywa California na kuchapishwa mwaka 2005 vilionyesha kuwa nje kukiwa na nyuzi 22 tu, ndani ya gari lililofungwa joto lilifika nyuzi 47 kwa saa moja. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo, karibu asilimia 80, ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Kufungua vioo upana wa vidole viwili hakukusaidia kitu cha maana.

Kivuli nacho kinachelewesha tu. Watafiti wa Arizona walikadiria mwaka 2018 kwamba siku ya joto kali, mwili wa mtoto wa miaka miwili ungefika nyuzi 40 kwa takribani saa moja juani, na takribani saa mbili kivulini. Mtoto mdogo hupata joto mara tatu hadi tano haraka kuliko mtu mzima. Kuanzia nyuzi 40 ubongo huanza kuathirika, na ikikaribia 42 uhai unaponyoka.

## Hatua ya 1: Weka tiki kwa jina, wakati mtoto anapanda

Matroni anasimama mlangoni, anamtazama mtoto usoni, anataja jina, anaweka tiki. Gari haliondoki kituoni kabla ya tiki.

Kwa nini jina na si idadi? Kwa sababu idadi hudanganya. Leo Neema hayupo, lakini binamu yake aliyekuja likizo amepanda, na hesabu inabaki 14. Wakishuka 13 na mwalimu mmoja mgeni akahesabiwa humo, bado ni 14.

Tahadhari: usijaze orodha usiku wa jana wala kwa mazoea. Makinohara, mfumo wa mahudhurio ulionyesha kuwa mtoto amefika, na yeye alikuwa bado garini. Tiki iliyowekwa kabla ya tukio ni hatari kuliko kukosa orodha kabisa, kwa sababu kila anayefuata anaiamini.

Umefaulu ikiwa: unaweza kulisimamisha gari popote njiani, na orodha ikalingana na nyuso zilizomo.

## Hatua ya 2: Wadogo wakae mbele, nyuma wasilale

Panga viti. Wa chekechea wakae safu mbili za mbele, mbele ya macho ya matroni, na wakubwa nyuma. Mtoto aliyeamshwa saa kumi na moja alfajiri atalala, na akilala anateleza. Kwenye Noah au Hiace, mtoto wa miaka mitatu aliyeteleza kati ya kiti cha mwisho na mlango wa nyuma haonekani kwenye kioo cha dereva. Juu yake kuna mabegi na sweta, na vioo vyenyewe vina tinti.

Kwa hiyo mabegi yakae sehemu moja, mapajani au kwenye rafu, yasirundikwe sakafuni nyuma. Dakika tano kabla ya kufika, matroni awaamshe wote kwa majina.

Na gari lisitoke bila mtu wa pili. Huko Nakama, Fukuoka, Japani, Julai 2021, mvulana wa miaka 5 alikufa katika gari la chekechea ambalo mkuu wa kituo aliliendesha peke yake. Mtu mmoja hawezi kuendesha, kupokea watoto, kujibu mzazi dirishani na kukumbuka nani yuko kiti cha mwisho.

## Hatua ya 3: Washushe mmoja mmoja kupitia mlango mmoja

Matroni anashuka kwanza na kusimama chini na orodha. Kila anayeshuka anatajwa jina na kupigwa tiki ya KASHUKA. Watoto wasikimbilie mchakamchaka au mstari wa asubuhi hadi wa mwisho awe amekanyaga ardhi.

Safu ya KASHUKA isipolingana na ya KAPANDA, msitafute sababu kwa kubishana. Ingieni garini mtazame.

## Hatua ya 4: Tembea hadi nyuma

Hatua hii ndiyo inayorukwa kila siku, na ndiyo iliyonifanya niandike mwongozo huu. Madereva wengi hukagua kwa kugeuza shingo, au kwa kutazama kioo cha ndani huku wakivuta handibreki. Huo si ukaguzi.

Utaratibu ni huu:

1. Zima injini, toa ufunguo, uushike mkononi.
2. Ingia ndani na tochi. Gusa kila kiti kwa mkono, kushoto na kulia, ukielekea nyuma.
3. Kwenye kila safu, inama uangalie chini ya viti. Inua kila begi na kila sweta iliyosahauliwa.
4. Ukifika mwisho, geuza kibao kutoka BADO kwenda GARI TUPU.
5. Rudi ukiangalia upande ulioupa mgongo ulipokuwa unaenda.

Kwenye Hiace ambayo huwezi kutembea umesimama, fungua mlango wa pembeni na wa nyuma, piga magoti, mulika. Coaster haina kisingizio.

Kwa nini mwili wote uende? Kwa sababu kumbukumbu ya mazoea hufanya kazi bila kutuuliza. Mtaalamu wa ubongo David Diamond wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa Florida ameeleza kwa miaka mingi kuwa sehemu ya ubongo inayoendesha mazoea inaweza kuizidi nguvu ile inayotunza nia ya kufanya jambo baadaye, hasa mtu akiwa amechoka, ana wasiwasi au ratiba imebadilika. Dereva aliyeegesha gari hilo mara mia bila tatizo huona "limekwisha tupu" kabla hajatazama. Anaweza kula kiapo kwamba alikagua na akawa anaamini kabisa anachosema.

Ndiyo maana kibao kinafungwa nyuma. Mfumo wa Korea unampa dereva dakika tatu tu baada ya kuzima gari kwenda kubonyeza kitufe cha nyuma. California nayo iliagiza kwa sheria ya mwaka 2016 kengele ya nyuma kwenye mabasi ya shule, baada ya mwanafunzi wa miaka 19 mwenye usonji kusahaulika ndani ya basi huko Whittier na kufa. Kumbuka umri huo. Kama shule yako ina wanafunzi wenye ulemavu, usidhani mkubwa atajiokoa mwenyewe.

Tahadhari: mtu asikae na vibao viwili, na kibao kisihamishiwe karibu na usukani "kwa urahisi". Kikishafika mbele, kazi yake imekwisha.

Umefaulu ikiwa: mtu aliye nje, nyuma ya gari, anasoma GARI TUPU kupitia kioo bila kumuuliza dereva.

## Hatua ya 5: Mtu wa pili athibitishe kwa macho yake

Mwalimu wa zamu anakwenda hadi kwenye gari, anachungulia, anasaini orodha na kuandika saa. Hasaini akiwa ofisini kwa sababu "dereva ni mtu mwaminifu". Uaminifu wa dereva hauhusiki hapa. Baada ya sahihi ndipo milango inafungwa na ufunguo unapelekwa ofisini.

## Hatua ya 6: Piga simu kwa kila asiyeonekana, ndani ya dakika 30

Hata hatua zote za mwanzo zikishindwa, hii inaweza kumwokoa mtoto. Makinohara, darasani ilionekana kwamba mtoto hayupo, lakini nyumbani haikupigwa simu. Dongducheon, simu kwa mzazi ilipigwa alasiri, mtoto akiwa ameshakaa garini zaidi ya saa sita.

Mwalimu wa darasa anaita majina mara kengele ya kwanza inapolia. Majina ya wasiokuwepo yanafika ofisini papo hapo. Ofisi inalinganisha na orodha ya gari. Kama mtoto ana tiki ya KAPANDA na hayupo darasani, mtu anakimbilia kwenye gari kwanza, simu inapigwa na mwingine.

Kama hana tiki na mzazi hakutoa taarifa, ofisi inapiga simu: mlezi wa kwanza, wa pili, tena wa kwanza. Ujumbe wa WhatsApp kwenye kundi la wazazi hautoshi, kwani unaweza kusomwa saa sita mchana.

Mzazi, una sehemu yako hapa. Mtoto asipokwenda shule, toa taarifa kabla gari halijafika kituoni. Wazazi wasiotoa taarifa huizoesha ofisi kuamini kwamba kutokuwepo ni jambo la kawaida, na hapo ndipo simu zinapoacha kupigwa.

Umefaulu ikiwa: dakika 30 baada ya kengele, kila jina lisilo darasani lina maelezo yaliyoandikwa: nani kasema, saa ngapi.

## Hatua ya 7: Andaa siku zisizo za kawaida

Makinohara, dereva wa kila siku hakuwepo, na mkuu wa chekechea ndiye aliyeshika usukani. Mabadiliko ya aina hii ndiyo yanayovunja mnyororo: dereva mbadala, gari la kukodi, mvua iliyochelewesha safari, siku ya mahafali, matroni mpya.

Chapa kadi moja yenye hatua 4 na 5, ifunikwe plastiki, ining'inie kwenye usukani. Dereva mbadala aisome kwa sauti mbele ya mwalimu wa zamu kabla ya kuondoka. Mkuu wa shule akiendesha mwenyewe, naye anasoma. Cheo kisimwondolee mtu ukaguzi.

## Hatua ya 8: Jaribu mfumo bila kutangaza

Mara moja kwa mwezi, weka mwanasesere au begi lenye alama chini ya kiti cha mwisho. Ukaguzi usipoliona, simamisha kazi ya siku hiyo na urudie mafunzo. Kwa vyovyote usitumie mtoto halisi kwenye jaribio.

Wafundishe pia watoto kupiga honi: wakae juu ya usukani kama mikono haina nguvu, na wasiache kupiga mpaka mtu aje. Kwanza hakikisha honi ya gari lenu inalia bila ufunguo, kwani magari hutofautiana. Hii ni nyongeza tu. Mtoto wa miaka mitatu asibebeshwe jukumu la mtu mzima.

## Kwa magari ya nyumbani

Marekani, ambako vifo hivi vimehesabiwa tangu 1998, watoto wapatao 37 hufa kila mwaka kwa wastani. Zaidi ya nusu walisahauliwa, na karibu robo waliingia wenyewe garini.

Kwa kundi la kwanza: weka kiatu cha kushoto, simu au mkoba wako kiti cha nyuma kila unapombeba mtoto. Kubaliana na anayempokea mtoto (chekechea, bibi, dada wa kazi) akupigie asipomwona.

Kwa kundi la pili: loki gari hata likiwa ndani ya geti, ficha ufunguo na rimoti, na magari mabovu yaliyoegeshwa uani au gereji ya jirani yafungwe kabisa. Loki ya watoto ya milango ya nyuma humruhusu mtoto kuingia akashindwa kutoka. Mtoto akipotea, tafuta kwenye maji kwanza, kisha kwenye magari yote, buti zikiwemo, kabla ya kuzunguka mtaa.

Kwa ndugu zetu walioko Ghuba, wengi wakiwa madereva na wahudumu wa nyumbani: huko muda ni mfupi zaidi. Septemba 2022 mtoto alikufa ndani ya basi la chekechea Al Wakrah, Qatar, siku aliyotimiza miaka 4, na wizara ya elimu ikakifunga kituo. Ukikabidhiwa mtoto wa tajiri wako, taja mbele yake saa uliyompokea na saa uliyomkabidhi, na uitunze kwa ujumbe wa simu.

## Ukimkuta mtoto ndani

1. Kama milango imefungwa, vunja kioo cha pembeni kilicho mbali naye. Piga kwenye kona, si katikati. Usihangaike na kioo cha mbele, hakivunjiki kirahisi.
2. Mtoe, mpeleke kivulini. Mwingine apige simu: 112 kwa Tanzania na Kenya, 9999 Oman, 999 Qatar, 998 kwa gari la wagonjwa Falme za Kiarabu.
3. Asipopumua, anza kumfufua mara moja kwa kukandamiza kifua na kumpulizia pumzi.
4. Akipumua, mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu. Weka vitambaa vya maji baridi shingoni, kwapani na kwenye kinena. Endelea hata mkiwa njiani kwenda hospitali.
5. Usimnyweshe chochote kama amelegea, amechanganyikiwa au ana degedege. Usimpe paracetamol, haishushi joto la aina hii.

Ngozi kavu, ya moto, iliyopauka au nyekundu si kipimo cha kutosha. Mtoto anaweza kuwa na jasho na bado yuko kwenye kiharusi cha joto, yaani joto la mwili limepanda hadi kudhuru ubongo. Dalili nzito ni kubadilika kwa fahamu.

## Wachunguzi huangalia nini

Mtoto akifariki, kuna maswali matatu: alikufa kwa nini, alibakije humo, na nani alikuwa na wajibu ambao hakuutimiza.

Swali la kwanza ni gumu kuliko watu wanavyofikiri. Uchunguzi wa maiti mara nyingi hauonyeshi alama moja inayothibitisha joto. Daktari huondoa kwanza sababu nyingine, yaani majeraha, sumu na ugonjwa, kisha husoma matokeo pamoja na hali ya eneo. Kwa hiyo joto la mwili na saa lilipopimwa, joto la nje, mahali jua lilipokuwa, hali ya vioo na milango, vyote vina uzito. Mara nyingine gari lilelile huegeshwa tena palepale, siku yenye hali ya hewa kama ile, na vipima joto ndani yake.

Gari lenyewe nalo husomwa. Chupa ya maji ya mtoto wa Makinohara ilikutwa tupu, na alikuwa amevua nguo ya juu. Mambo hayo mawili yalieleza alichopitia kuliko maelezo ya mtu mzima yeyote.

Kwa swali la pili hukusanywa orodha ya abiria, rekodi za simu, kamera za getini na maelezo ya kila mtu, kila mmoja akihojiwa peke yake.

Kwa swali la tatu, sheria za jinai za Tanzania na Kenya zinatambua kuua bila kukusudia kupitia kutotenda, pale uzembe unapofikia kiwango cha kosa. Japani, mwaka 2024, mkuu wa zamani wa chekechea ya Makinohara alihukumiwa mwaka mmoja na miezi minne jela kwa uzembe. Mpelelezi hutenganisha aliyesahau, aliyejua akaacha, na aliyekusudia, na kosa la kuwachanganya ni kubwa. Huko Georgia, Marekani, baba wa mtoto wa miezi 22 aliyekufa garini 2014 alitiwa hatiani kwa mauaji mwaka 2016. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya jimbo ilifuta hatia hiyo, kwa kuwa ushahidi mwingi kuhusu tabia zake za kimapenzi ulielekea kumchafua mbele ya jopo la raia wanaoamua hatia (juri) kuliko kuthibitisha nia ya kuua. Mwaka uliofuata waendesha mashtaka waliamua kutomshtaki upya kwa mauaji.

Kwa shule, baada ya mtoto kutolewa na kupelekwa hospitali, fanya haya:

- Usisogeze gari, usilioshe, usiondoe mabegi. Andika saa lilipofunguliwa na aliyelifungua.
- Orodha ya siku hiyo ibaki kama ilivyo, hata kama ina mapengo. Tiki iliyoongezwa baadaye hugundulika, na inageuza uzembe kuwa kosa la pili la kuharibu ushahidi.
- Wafanyakazi wasikae kikao cha "kuweka maneno sawa". Kila mmoja aandike alichokiona yeye, atie sahihi na saa.
- Mzazi aambiwe ukweli ana kwa ana na mkuu wa shule, kabla haujafika kwenye makundi ya WhatsApp.
- Polisi wakichukua orodha, kibao na ufunguo, omba hati ya makabidhiano yenye majina ya vitu vyote, na upige picha kila ukurasa kabla haujatoka mikononi mwako.